Usiandike Kwamba Nililia

Nilifika Tskaltubo na sentensi ya kwanza tayari mfukoni:
wapiganapo fahali, ziumiazo ni nyasi.
Nazibrola Shonia akanifungulia mlango,
mikono ina unga hadi viwikoni,
nikaona aibu. Mtu huyu si nyasi.

Ghorofa ya tatu, chumba mia tatu na saba.
Zamani wagonjwa wa maungo waliletwa hapa kwa treni
kulowa katika maji moto ya chemchemi.
Sasa roshani zimejaa soksi na vitunguu,
bomba la jiko limetoboa dirisha,
vyuma vya ngazi vimeng'olewa, vikauzwa.
Miaka kumi na miwili sasa wanaishi hapa kwa muda.

Aliweka kahawa motoni. Niliweka kinasa sauti mezani.
Akakifunika kwa kitambaa.
"Kisinitazame," akasema, "nitasahau."

Akaanza na cherehani.
Si mizinga, si mji ulioanguka, si Septemba:
cherehani, kichwa chake tu, kimefungwa kwa pazia la sebuleni,
alichokipandisha mgongoni njia ya Chuberi
kama mama abebavyo mtoto mwenye homa.
(Hilo la mtoto ni langu. Nitalifuta.
Yeye alisema: kilo kumi na moja.)

Siku ya tatu theluji ikaja.
Nikauliza: ilifanana na nini?
"Theluji," akasema.
"Ilifanana na theluji."
Akakiacha kichwa cha cherehani juu ya jiwe,
akaenda, akarudi hatua ishirini kukifunika vizuri.
"Nani anaacha mashine wazi, ishike kutu?"

Kisha ukanda ukafika mwisho. Kinasa kikasema tak.
Nikainama kugeuza kaseti,
na hapo hapo, amenipa mgongo, anatafuta sukari, akasema:
"Mama mkwe alikaa chini avute soksi yake.
Hakusimama tena."

Sekunde nane, labda tisa.
Upande wa kwanza hauna sentensi hiyo.
Upande wa pili unaanza na kijiko
kinachogonga kikombe.
Ningemwambia nini? Rudia, tafadhali, kifo hicho,
mara hii karibu na kinasa?

Mhariri wangu kule Tbilisi atauliza: ni wangapi?
Atauliza nani alianza, risasi ya upande gani.
Ni maswali ya haki, na majibu ninayo, karatasi tele,
zina mihuri, zina jumla chini ya mstari.
Katika jumla ile Dusia Shonia yumo, nadhani,
kabanwa kati ya tarakimu mbili, hana miguu, hana soksi.

Nikamsomea nilichoandika. Ndiyo desturi yangu;
wenzangu hawaitaki, wanasema unampa shahidi mkasi.
Alisikiliza huku akikanda, kichwa upande,
kama fundi anayesikiliza mashine ya mwenziwe.

"Usiandike kwamba nililia.
Nilikuwa natafuta kiatu cha Tengo. Gizani
mtu hawezi yote mawili."
Nikafuta.
"Usiandike adui. Andika Astamur, jirani, wa ghorofa ya chini.
Ndiye aliyetugongea usiku akasema:
ondokeni sasa, kesho siwezi."
Nikafuta. Nikaandika Astamur. Nikaandika kesho siwezi,
kalamu ikasita hapo, kwenye siwezi.

"Na soksi. Umeandika nyeusi."
Sikuwa nimesikia rangi. Niliibuni.
Mkononi mwangu, kumbe, wafu wote huvaa nyeusi.
"Ilikuwa ya kijani," akasema. "Nilimfumia mwenyewe."

Kijani, basi.

Kahawa ilikuwa imeshapoa. Nje ya mlango
mwanamume wa chumba mia tatu na nane
ameleta kiti chake mwenyewe, amekaa ukumbini,
kofia magotini,
anauliza kama nina kaseti nyingine.